Tarakilishi na programu huria za kulinda mtandao mdogo

ZAHANATI au shule yenye tarakilishi kumi hunyemelewa na wadukuzi wale wale wanaozinyemelea benki, ila haina mfuko wa benki. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu kuchukua hatua za kuzilinda. Faiawali, yaani bawabu anayesimama baina ya mtandao wa ndani na intaneti akiamua kipi kipite, ni mojawapo ya hatua hizo, nayo yaweza kujengwa kwa programu isiyolipiwa.

Wengi hukimbilia tarakilishi kuukuu iliyolala stoo. Yafaa kwa majaribio, lakini hesabu ya stima ni chungu. Faiawali haizimwi usiku wala mchana. Mashine inayotumia wati 60 humaliza takriban yuniti 525 kwa mwaka, ilhali kisanduku kidogo kisicho na feni, cha wati 10, humaliza kama 88. Aidha, kisanduku hicho hakivuti vumbi, na betri ndogo hutosha kukitegemeza stima inapopotea.

Mashine iwe na angalau matundu mawili ya kebo ya mtandao: la nje na la ndani. La tatu huwatenga wageni na rekodi za ofisi. Hapa ndipo pesa zitumike, kwa kuwa programu kadhaa maarufu zimejengwa juu ya FreeBSD, ambayo huelewana na kadi za Intel kuliko za Realtek. Kasi ya prosesa si hoja kubwa kwa laini ya megabiti 50. Hata hivyo, iwapo wafanyakazi huingia kutoka nyumbani kupitia VPN, itafutwe prosesa yenye AES-NI, inayoharakisha usimbaji fiche. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 hutosha ofisi ndogo.

Kuhusu programu, ukoo mashuhuri ulianza mwaka 2003 kwa m0n0wall ya Manuel Kasper. Kutokana nayo ilichipuka pfSense mwaka 2004, na kutoka pfSense ikazaliwa OPNsense mwaka 2015, mwaka ambao Kasper alisitisha kazi yake na kuwaelekeza watumiaji wake kwa OPNsense. Zote mbili sasa hudai prosesa ya biti 64, hivyo baadhi ya mashine za stoo hazifai kamwe. Anayezoea Linux ana IPFire. Mwenye ruta ndogo tu aweza kuijaribu OpenWrt, mradi ahakikishe kwanza kwamba aina hasa ya ruta yake imo katika orodha ya zinazokubalika. Toleo lisilo lake huweza kuiua.

Baada ya kuiweka, nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo, na ukurasa wa usimamizi usifunguliwe kamwe kwa upande wa nje. Nakala ya mipangilio ihifadhiwe kwingine, ili mashine ikiungua, nyingine ishike zamu siku iyo hiyo.