Kabla ya bomba na kidonge palikuwa na chuma

Bomba lenyewe ni la plastiki, ujazo wake mililita 60, na shingoni lina vitufe viwili. Muuguzi anavibonyeza, anavuta kishikio nyuma mpaka kinakwama, na tayari ndani pameshajaa ombwe linalosubiri kufunguliwa. Halihitaji umeme. Linaoshwa, linatakaswa, linatumika tena. Hospitalini wanaliita MVA, na mwanamke aliyeharibikiwa na mimba akiletwa usiku anavuja damu, mara nyingi ndilo linalomsafisha. Ni vyombo vichache vya hospitali vyenye nasaba ya ajabu kama hiki.

Kabla yake palikuwa na chuma. Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa Joseph Récamier alibuni chombo mfano wa kijiko, chenye mpini mrefu na ukingo mkali, cha kukwangulia vinyama ndani ya mfuko wa uzazi. Baadaye Mjerumani Alfred Hegar akaleta fito za chuma za unene tofauti, za kupanua mlango wa kizazi kidogo kidogo. Mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Vyombo hivyo viwili vilipokutana ikapatikana njia ambayo madaktari waliitegemea kwa miongo mingi. Taabu yake ni kwamba daktari hakuona anachokwangua. Alipapasa tu. Ukuta wa kizazi chenye mimba ni laini, na mkono ukizidi kidogo chuma kinatoboa, damu haikatiki, au makovu yanabaki na mwanamke hashiki mimba tena. Juu ya hayo ilitakiwa nusu kaputi, chumba cha upasuaji na daktari bingwa. Urusi ya Kisovieti, iliyokuwa dola ya kwanza kuruhusu utoaji mimba mwaka 1920, ilitumia chuma hicho hicho kwa maelfu kwa maelfu ya wanawake, hadi Stalin alipopiga marufuku mwaka 1936. Ruhusa ilirudi mwaka 1955.

Wazo la kufyonza badala ya kukwangua lilikuwa limeshamjia James Young Simpson wa Edinburgh katika karne ya 19, yule yule aliyeanza kuwapa wanawake wanaojifungua klorofomu, lakini halikuenda mbali. Lilifufukia Shanghai. Mwaka 1958 madaktari wawili, Wu Yuantai na Wu Xianzhen, walichapisha taarifa ya kutoa mimba kwa mashine ya kufyonza. Wasovieti na Ulaya Mashariki wakaichukua. Kutoka huko ikafika Newcastle, Uingereza, kwa daktari bingwa Dorothea Kerslake, ambaye mwaka 1967 alitangaza matokeo yake pamoja na mtafiti Donn Casey. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba kwa masharti, ikaanza kazi Aprili 1968. Masimulizi mengi ya Magharibi hupenda kuanzia hapo Newcastle, kana kwamba Shanghai haikuwepo.

Mashine ya Kerslake ilitaka umeme. Aliyeifanya iingie mfukoni hakuwa daktari. Harvey Karman alikuwa mtu wa saikolojia huko Los Angeles, na katika miaka ya 1950 alifungwa jela baada ya mwanamke aliyemtoa mimba kufa. Alipotoka aliendelea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na mrija wa plastiki laini, unaopinda ukigusa ukuta wa kizazi badala ya kuutoboa, aliouunganisha na bomba la sindano la kawaida. Sitaki kumfanya shujaa. Mwaka 1972, huko Philadelphia, alisimamia jaribio la kutoa mimba kwa koili za plastiki kwa wanawake wenye mimba kubwa, na zaidi ya nusu yao waliumia. Lakini mrija wake ulibaki, na madaktari waliomdharau wakautumia.

Mwaka huo huo alikwenda Dhaka. Vita vya 1971 vya kujitenga na Pakistan vilikuwa vimewaacha wanawake wengi wa Bangladesh na mimba za kubakwa na wanajeshi, na serikali mpya iliwaalika madaktari wa nje, akiwemo Mwingereza Malcolm Potts. Dharura ilipokwisha, bomba halikuondoka. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1860, iliyoachwa na Waingereza, ilikataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha, na haikuguswa. Serikali ikaanzisha huduma iliyoitwa kurekebisha hedhi: mwanamke ambaye siku zake zimechelewa anafyonzwa bila kupimwa kwanza kama ni mjamzito, kwa hiyo hakuna wa kuthibitisha kwamba mimba ilikuwepo. Mwaka 1979 ikaingizwa katika mpango wa taifa wa uzazi. Waliopewa bomba walikuwa wanawake wahudumu wa afya wa vijijini, si madaktari peke yao, na kwangu hapo ndipo historia hii ilipogeuka. Marekani ndiyo iliyokuwa imegharamia kuliendeleza bomba hilo, lakini Desemba 1973 Bunge lake likazuia fedha za misaada kutumika kwa kazi hiyo, na shirika la Ipas, lililoanzishwa mwaka huo North Carolina, likachukua mzigo.

Kidonge kilikuja kwa njia mbili. Ufaransa, maabara ya kampuni ya Roussel Uclaf ilitengeneza mifepristoni mwaka 1980. Inazuia homoni ya projesteroni, na bila hiyo mimba haishiki. Serikali iliiruhusu Septemba 1988. Mwezi mmoja baadaye kampuni, ikitishwa na wapinzani, ikatangaza kuiondoa sokoni. Siku mbili tu zikapita, Waziri wa Afya Claude Évin akaiamuru kampuni iirudishe, akisema kimaadili dawa hiyo imeshakuwa mali ya wanawake.

Brazil hakukuwa na waziri wala maabara. Misoprostoli iliingia huko mwaka 1986 kama dawa ya vidonda vya tumbo, ikiuzwa famasi. Maelezo yake yaliwaonya wajawazito wasiimeze. Wanawake wakalisoma onyo hilo kwa upande wa pili, habari ikapita kinywa kwa kinywa, na madaktari wa wodi wakaona wanaoletwa na usaha na matundu wanapungua. Haikuwa salama kwa kila mtu: pale dawa ilipotumika ovyo na mimba ikaendelea, baadhi ya watoto walizaliwa na ulemavu. Serikali ikabana mauzo mwaka 1991. Lakini dawa hizo mbili zilikuja kuunganishwa, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaziweka katika orodha ya dawa muhimu.

Kwetu sheria ilitoka Uingereza, nasaba moja na ile ya Bangladesh. Tanzania, vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu bado vinasimama: anayetoa mimba kifungo hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi saba, na kifungu cha 230 kinamwachia daktari mlango wa kuokoa maisha ya mama. Kenya iliupanua mlango huo katika Katiba ya 2010, ikataja pia afya ya mama. Jirani Rwanda ililegeza ya kwake mwaka 2018. Vifaa vyenyewe vilipita kwingine. Bomba lilikuja na huduma za baada ya mimba kuharibika, hasa baada ya mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo wa Cairo, 1994, na misoprostoli ikaja kuzuia damu kwa waliojifungua. Muuguzi aliyefundishwa kutumia bomba anaruhusiwa kumsafisha ambaye mimba yake imeshatoka nusu, hata kama kila mtu wodini anajua ilivyotoka.

Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2003 kwamba chuma kiachwe palipo na bomba au vidonge. Hata hivyo ziko hospitali ambako mwanamke bado analazwa kwa nusu kaputi akwanguliwe, kwa sababu bomba limekwisha stoo, au daktari wa zamu alifundishwa kukwangua na hajafundishwa kingine.