Zamu za wachezaji (michezo ya raketi ya wawili wawili)

Zamu za wachezaji ni utaratibu unaoamua, pale wawili wanapocheza dhidi ya wawili, nani aanzishe mpira, nani aupokee na, katika mpira wa meza, nani apige baada ya nani. Tenisi na badminton huwabana wachezaji kwenye kuanzisha na kupokea tu. Baada ya hapo yeyote aliye karibu hupiga. Mpira wa meza hubana kila pigo mpaka pointi iishe, na kwa sababu hiyo kanuni zake ni ndefu kuliko za wenzake na huleta ubishi zaidi.

Kura

Mwamuzi hurusha sarafu au kisahani chenye rangi mbili. Vilabuni, mchezaji huficha mpira katika kiganja kimoja na mpinzani hukisia mkono. Kwenye tenisi huzungushwa raketi. Mshindi wa kura huchagua kuanzisha, kupokea au upande wa kusimama, na wapinzani huchagua katika kilichobaki. Waliozoea kucheza mmoja kwa mmoja hukimbilia kuanzisha. Kwenye meza ya watu wanne, pupa hiyo huweza kuwagharimu.

Mpira wa meza

Meza ina urefu wa meta 2.74 na upana wa meta 1.525. Mstari mweupe wa milimita 3 unaoikata katikati kwa urefu una kazi katika mchezo wa wawili wawili tu: mpira wa kuanzisha lazima udunde nusu ya kulia ya mwanzishaji, kisha nusu ya kulia ya mpokeaji. Kabla ya hapo mwanzishaji hushusha mkono chini ya meza na kumwonyesha mwenzake kwa vidole aina ya mpira anaotaka kuutoa, wapinzani wasione.

Mpokeaji akirudisha, hupiga mwenza wa mwanzishaji, kisha mwenza wa mpokeaji, kisha mwanzishaji tena. Anayepiga nje ya zamu hupoteza pointi, hata kama mpira ulikuwa umemjia kifuani. Ndiyo maana wachezaji huonekana wakipishana mbio nyuma ya meza, na ndiyo maana jozi ya mwenye mkono wa kushoto na mwenye mkono wa kulia hutafutwa sana, maana hawagongani.

Tuchukue A na B wakicheza na C na D. A anaanzisha, C anapokea. Baada ya pointi mbili aliyekuwa akipokea huanzisha, na mwenza wa aliyekuwa akianzisha hupokea: C kwa B, kisha B kwa D, kisha D kwa A, halafu mzunguko hurudi mwanzo. Matokeo yakifika 10–10, kila mmoja huanzisha pointi moja moja. Ukiifuatilia mipira utaona jambo ambalo wengi hulikosa: katika seti nzima A humpigia C, C humpigia B, B humpigia D, na D humpigia A, awe nani ameanzisha. Kila mchezaji ana mtu mmoja anayemletea mipira, na hawezi kumkwepa.

Seti ya pili mzunguko hugeuzwa. C na D ndio wanaoanzisha na huchagua wao nani atangulie, lakini mpokeaji hachaguliwi: ni yule aliyekuwa akimwanzishia huyo katika seti iliyopita. C akitangulia, A hupokea. D akitangulia, B hupokea. Kwa vyovyote, mipira ya A sasa inatoka kwa C. Seti ya tatu hurudia mzunguko wa kwanza.

Mzunguko wa kwanza huamuliwa na wanaopokea. A na B hutaja mwanzishaji wao kwanza. C na D humwangalia, kisha ndipo husema nani kati yao atampokea. Jozi yenye uzoefu ikishinda kura mara nyingi huomba kupokea.

Katika seti ya mwisho inayowezekana, jozi yoyote ikitangulia kufikisha pointi 5, pande hubadilishwa na jozi inayofuata kupokea hubadili mpokeaji wake, hivyo mzunguko hugeuka katikati ya seti. Zamani, seti ilipokuwa ya pointi 21, mabadiliko hayo yalifanyika kwenye pointi 10. Seti ya pointi 11 ilianza mwaka 2001.

Mchanganyiko

Mwanamume na mwanamke wakicheza dhidi ya jozi kama wao, mizunguko huwa miwili tu. Katika mmoja, mwanamke wa jozi hupokea mipira ya mwanamke mwenzake, na mwanamume wa jozi hiyo humpigia mwanamke wa upande wa pili. Huo makocha wengi huuhesabu kuwa mzunguko mzuri. Unaobaki ndio wa kuvumilia. Ulio mzuri kwa jozi moja ni mbaya kwa nyingine, hivyo seti hupokezana neema na tabu.

Mchanganyiko wa mpira wa meza uliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo 2020, iliyochezwa mwaka 2021. Katika fainali Mizutani Jun, anayetumia mkono wa kushoto, na Ito Mima wa Japani waliwashinda Xu Xin na Liu Shiwen wa China 4–3 baada ya kuwa nyuma 0–2. Wawili wawili wa wanaume na wa wanawake walikuwamo tangu 1988 hadi 2004.

Viti vya magurudumu

Katika mpira wa meza wa viti vya magurudumu zamu hazibani kila pigo: baada ya kuanzisha na kurudisha, yeyote katika jozi huweza kupiga.

Tenisi

Jozi huchagua mwanzishaji wake mwanzoni mwa kila seti, na wanne hao huanzisha gemu moja moja kwa kupokezana. Wapokeaji nao huchagua nani asimame kulia na nani kushoto, na hukaa hivyo mpaka seti iishe. Kwa kuwa pande hubadilishwa baada ya gemu ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea, kila mchezaji huanzisha akiwa upande uleule wa kiwanja seti nzima. Anayeweza kurusha mpira jua likimpiga usoni hupewa upande wa jua.

Pale inapotumika pointi ya kuamua kwenye 40–40, wapokeaji huchagua upande. Katika mchanganyiko hupokea aliye wa jinsia ya mwanzishaji.

Badminton

Matokeo ya anayeanzisha yakiwa shufwa, huanzisha aliye kulia. Yakiwa witiri, aliye kushoto. Jozi inayoanzisha ikishinda pointi, wawili hao hubadilishana nafasi na mwanzishaji huendelea. Wanaopokea hawahami. Ikishindwa, hakuna anayehama, kinyoya huenda ng'ambo. Mwamuzi huandika S mbele ya jina la mwanzishaji wa kwanza na R mbele ya mpokeaji wa kwanza, na ubishi ukizuka hurudi kwenye karatasi hiyo. Hadi 2006 kila jozi ilikuwa na waanzishaji wawili kabla ya kupoteza zamu, isipokuwa jozi iliyofungua seti, katika zamu yake ya kwanza.

Zamu ikikosewa

Katika mpira wa meza mchezo husimamishwa kosa linapoonekana, zamu hurekebishwa, na pointi zilizopatikana hubaki. Badminton ni vivyo hivyo. Tenisi husamehe: gemu ikiisha kabla kosa la kuanzisha halijagunduliwa, mpangilio uliokosewa ndio unaoendelea.