Tableti ya mifumo miwili na klavye yake: mambo ya kujua mbele ya kutoa pesa

Swali hili linarudi kila mwaka wakati wanafunzi wanaanza kuandika TFC. Mzazi anaonyeshwa tableti ndogo ya mkono wa pili, iko na klavye ya kushikiza chini, na muuzaji anamwambia: hii ni Android na Windows pamoja, ni simu na kompyuta kwa bei ya moja. Je, ni kweli? Ni kweli nusu. Tuangalie ile nusu ingine.

Ni kitu gani?

Ni tableti yenye mifumo miwili ndani ya mashine moja. Unapoiwasha inakuuliza: unataka Android ao Windows? Mifumo haifanyi kazi pamoja. Ukitaka kutoka huku kwenda kule, lazima mashine izime na iwake upya, na hiyo inakula dakika moja ao mbili. Watu wengi wanachoka, wanabaki upande mmoja, na upande wa pili unabaki kukamata nafasi bure.

Zilitoka wapi?

Mwezi wa kwanza 2014, kampuni ya Asus ilionyesha mashine ya namna hii, Transformer Book Duet, lakini haikufika sokoni. Kampuni za China kama Chuwi, Teclast, Onda na Cube ndizo zilizozijaza sokoni. Mambo mawili yalishusha bei. La kwanza, mwezi wa nne 2014 Microsoft ilitangaza kwamba haitalipisha tena Windows kwa vifaa vyenye kioo kidogo kuliko inchi 9. La pili, Intel ilikuwa inasaidia watengenezaji kwa pesa ili watumie chipu zake za Atom. Mwezi wa nne 2016 Intel iliacha chipu mpya za Atom ilizokuwa inatayarisha kwa simu na tableti, na mashine hizi zikaanza kupungua. Kwa hiyo ile unayoonyeshwa leo, hata kama inang'aa, inaweza kuwa na miaka mingi.

Nafasi: hapa ndipo watu wanalia

Chuwi Hi10, kwa mfano, iko na memori ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Ile 64 inagawanywa: fungu kubwa la Windows, fungu dogo la Android. Na mafungu hayo kwa kawaida hayaonani. Faili uliyoandika upande wa Android, Windows haiioni, na kinyume chake.

Jambo hili liliniumiza nyumbani kwangu. Binti wa kaka yangu aliandika kazi yake ya mwisho wa masomo upande wa Android, miezi mitatu, kila usiku. Siku moja tableti ikawaka upande wa Windows, naye hakujua. Akatafuta kazi yake, haiko. Akakimbia kwa fundi. Fundi naye hakuuliza mengi: akasema mfumo umeharibika, akaweka Windows mpya. Kufuta huko ndiko kulifuta Android na kila kitu kilichokuwa ndani yake. Kumbe kazi haikuwa imepotea hata kidogo. Ilikuwa upande wa pili, inangoja. Ilipotea sisi tulipoenda kuitafuta.

Basi shika mambo matatu:

- Weka kazi kwenye kadi ya memori, ile ndogo ya microSD iliyotengenezwa kwa FAT32. Mifumo yote miwili inaisoma. Kwa FAT32, faili moja haiwezi kupita GB 4, lakini TFC haitafika hapo.
- Kila juma nakili kazi kwenye kidude cha USB, kisha ukiache nyumbani.
- Faili ikikosekana, zima kwanza, washa upande wa pili, tafuta huko. Usiruhusu fundi aweke mfumo mpya mbele ya kufanya hivyo.

Klavye

Ile Asus Transformer ya 2011 ilikuwa na klavye yenye betri yake ndani. Klavye nyingi za bei ndogo hazina. Zinapokea umeme kutoka kwa tableti, kupitia vipini vidogo vya shaba pale zinaposhikana. Mambo manne yanajulikana sana:

*Vumbi.* Barabara yetu tunaijua. Vumbi likikaa kwenye vipini, klavye inaandika herufi moja, inaruka mbili, kisha inanyamaza. Zima mashine, pangusa vipini kwa kitambaa kikavu na safi. Mara nyingi hakuna shida ingine.

*Herufi.* Nyingi zimechapwa QWERTY, nasi tulifundishwa AZERTY. Windows inakubali kubadilisha mpangilio katika mipangilio ya lugha, lakini chapa kwenye vidude inabaki ileile: unafinya Q, inatoka A, na M inahamia kando ya L. Vibandiko vya herufi vinasaidia.

*Uzito.* Kioo ni kizito kuliko klavye. Ukiisukuma nyuma kidogo, yote inaanguka chali. Juu ya magoti si pahali pake.

*Kufaa.* Klavye ya tableti moja kwa kawaida haiingii kwenye ingine, hata kama inchi ni zilezile. Ikiharibika, usitupe mashine: klavye ya kawaida ya USB, na waya mdogo wa OTG, inaweza kufanya kazi yote.

Umeme na saa

Siku za delestaje, betri ya tableti ni neema kupita kompyuta ya mezani. Lakini tumia chaja yenye nguvu iliyoandikwa kwenye mashine. Tableti inayotaka ampea 2, ukiipa chaja dhaifu ya simu, inaweza kuendelea kushuka hata ikiwa imechomekwa. Diski ya nje ukiichomeka kwenye klavye, nayo inakunywa kwenye betri ileile.

Usishangae pia saa ikikimbia masaa mawili. Windows inaandika saa ya hapa kwetu ndani ya mashine. Android inaweza kuisoma kama saa ya dunia, UTC, na sisi Katanga tuko masaa mawili mbele ya hiyo. Ukibadilisha mfumo, angalia saa mbele ya kutoka nyumbani kwenda mtihani.

Mbele ya kulipa

1. Iwashe pande zote mbili mbele ya macho yako. Upande mmoja ukikataa, ni tableti ya mfumo mmoja. Lipa bei ya mmoja.
2. Andika mistari kumi kwa klavye, kila herufi. Itoe, irudishe, andika tena.
3. Uliza namba za mifumo. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 mwezi wa 10, 2025, na chipu hizi za Atom haziko kwenye orodha ya Windows 11. Android 4.4 nayo, WhatsApp haiikubali tena.
4. Chomeka chaja, subiri robo saa, uone kama betri inapanda kweli.

Kwa kuandika, kusoma na kupiga hesabu ndogo, mashine hii bado inaweza kumsaidia mwanafunzi wa Shituru. Lakini mpe na kadi ya memori siku ileile unapomletea. Bila kadi, umemnunulia nusu tu.