Darya Saltykova

Darya Nikolayevna Saltykova (11 Machi 1730 – 27 Novemba 1801, kwa kalenda ya Juliasi iliyotumika Urusi wakati huo) alikuwa bibi wa tabaka la makabaila wa Urusi aliyehukumiwa mwaka 1768 kwa kuwatesa na kuwaua wakulima wasio huru waliokuwa mali yake. Alikutwa na hatia ya vifo vya watu 38, karibu wote wanawake na wasichana waliomtumikia nyumbani. Warusi humfahamu zaidi kwa jina la Saltychikha. Katika karne ya 18 ilikuwa nadra sana kabaila wa Urusi kufikishwa mbele ya sheria kwa kuwaua watu aliowamiliki. Kesi hii ilianzishwa na watwana wawili waliotoroka na kwenda kumshtaki bibi yao kwa Malkia Katerina II. Mwaka mmoja kabla ya hukumu kutolewa, malkia huyohuyo alipiga marufuku mashtaka ya aina hiyo.

Ukoo na ndoa

Darya alizaliwa katika familia ya kikabaila ya Ivanov. Aliolewa na Gleb Alekseyevich Saltykov, kapteni katika kikosi cha walinzi wa kifalme wapanda farasi. Kwa ndoa hiyo aliingia katika mojawapo ya koo kubwa kabisa za Urusi: Praskovia Saltykova, mama wa Malkia Anna aliyetawala kuanzia 1730 hadi 1740, alitoka katika ukoo huo. Darya na Gleb walipata watoto wawili wa kiume, Fyodor na Nikolai.

Gleb alifariki Darya akiwa na umri wa miaka 25 au 26. Mjane huyo kijana akabaki na mashamba katika maeneo ya Moscow, Vologda na Kostroma, pamoja na wakulima wapatao 600. Alikuwa na nyumba mjini Moscow, karibu na mitaa ya Kuznetsky Most na Lubyanka, na makazi ya shambani katika kijiji cha Troitskoye, nje kidogo ya mji.

Hali ya wakulima wasio huru

Katika Urusi ya wakati huo, mamilioni ya wakulima walikuwa mali ya makabaila. Sheria kuu ya mwaka 1649 iliwafunga kwenye ardhi ya bwana wao, wao na vizazi vyao. Bwana aliweza kuwauza, kuwaoza kwa matakwa yake na kuwachapa. Kuanzia mwaka 1760 aliruhusiwa pia kuwapeleka uhamishoni Siberia. Hakupewa haki ya kuwaua, lakini sheria hiyohiyo ya 1649 iliagiza kwamba mashtaka ya mkulima dhidi ya bwana wake yasisikilizwe, isipokuwa yanapohusu uhaini kwa mfalme. Hivyo mkulima alikuwa na uhai ambao sheria ilikataza kuuondoa, lakini hakuwa na mahali pa kulalamika ulipoondolewa.

Mateso na mauaji

Ushahidi uliokusanywa baadaye ulionyesha kwamba mateso yalianza kushika kasi baada ya kifo cha Gleb, katika nusu ya pili ya miaka ya 1750. Walioumizwa zaidi ni wajakazi wa nyumbani, yaani wafua nguo, wasafisha sakafu na wahudumu wa chumbani. Kisa cha kawaida kilikuwa kosa dogo la kazi, kama vile sakafu isiyong'aa au nguo zisizotakata. Saltykova alianza kwa kumpiga mjakazi kwa mkono wake mwenyewe, mara nyingi kwa gogo la kuni. Kisha watumishi wa kiume na vijana wa zizi la farasi waliamriwa kuendelea kwa mijeledi na fimbo. Mashahidi walieleza pia juu ya maji ya moto kumwagiwa watu, nywele kuunguzwa, na wasichana kusimamishwa nje kwenye baridi kali.

Waliokufa walizikwa kimyakimya. Kasisi wa kijijini, Stepan Petrov, alisaidia kuvificha vifo hivyo, na katika vitabu vya nyumba wafu waliandikwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa au wametoroka. Mmoja wa wanaume wa nyumba hiyo, Yermolay Ilyin, mtunza farasi, aliuliwa wake watatu, mmoja baada ya mwingine: Katerina Semyonova, Fedosya Artamonova na Aksinya Yakovleva. Kila alipofiwa, bibi yake alimwoza mke mwingine, naye huyo akafikwa na yaleyale.

Mashtaka yaliyozimwa

Watu wa Saltykova hawakukaa kimya. Uchunguzi ulipofanyika, ilibainika kwamba wakulima wake walikuwa wameshapeleka mashtaka 21 kwa maofisa wa Moscow, na yote yalizimwa. Maofisa wa polisi na wa ofisi za serikali walipokea mlungula wa fedha, chakula na zawadi, na majina yao yaliandikwa katika daftari za hesabu za Saltykova mwenyewe. Walioshtaki walirudishwa kwake waadhibiwe, au walichapwa na kupelekwa uhamishoni. Ukoo wa Saltykov nao ulikuwa na ndugu na jamaa katika vyeo vya juu. Muda mfupi baadaye mmoja wao, Pyotr Saltykov, akawa gavana mkuu wa Moscow.

Njama dhidi ya Tyutchev

Hasira ya Saltykova iliwahi kumfikia hata mtu wa tabaka lake. Alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mpima ardhi Nikolai Tyutchev. Mwaka 1762 Tyutchev alipoamua kumwoa mwanamke mwingine, Saltykova aliagiza watumishi wake wanunue baruti na kulipua nyumba ambamo wachumba hao walikuwamo. Watumishi waliogopa, na jambo hilo halikutimia. Njama ya kuwavizia njiani nayo ilishindikana, kwa kuwa Tyutchev aliarifiwa mapema. Mjukuu wa Tyutchev huyo ni Fyodor Tyutchev (1803–1873), mmoja wa washairi wakubwa wa Urusi.

Waraka kwa malkia

Mwaka huohuo wa 1762 Ilyin na mwenzake Savely Martynov walitoroka na kwenda Saint Petersburg. Walijua kwamba wakirudishwa wangekufa. Katerina II alikuwa ametoka kukalia kiti cha enzi kwa mapinduzi dhidi ya mumewe, Peter III, na waraka wao ulimfikia. Ndani yake waliomba walindwe wao na wenzao dhidi ya bibi yao, na Ilyin akaeleza vifo vya wake zake.

Malkia aliamuru jambo hilo lichunguzwe. Alikuwa mtawala mpya, mzaliwa wa Ujerumani, aliyetaka kuonekana Ulaya nzima kuwa mtawala wa sheria na akili. Wakati huohuo alihitaji uungaji mkono wa makabaila waliomweka madarakani. Kesi ya Saltykova ilimweka kati ya mambo hayo mawili.

Uchunguzi

Kazi hiyo ilipewa idara ya sheria ya Moscow, ambayo iliikabidhi kwa Stepan Volkov, ofisa asiye na ukoo mkubwa, akisaidiwa na mwanamfalme kijana Dmitry Tsitsianov. Kutokuwa na jamaa wenye vyeo kulimsaidia Volkov, kwa kuwa hakuwa na wa kumwonea haya. Alizikamata daftari za Saltykova, akawahoji watumishi na majirani wa Moscow na Troitskoye, akalinganisha orodha za watu na kumbukumbu za mazishi.

Alipata majina 138 ya watu ambao ilibidi hatima yao ielezwe. Katika daftari, 50 kati yao waliandikwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa, 72 kuwa hawajulikani walipo, na 16 kuwa wameondoka kwenda kwa waume zao au wametoroka. Kilichomshtua ni umri wa waliokufa: wasichana wenye afya waliingia kazini katika nyumba hiyo na kufariki baada ya majuma machache.

Saltykova aliwekwa chini ya ulinzi lakini hakukiri lolote. Wachunguzi waliomba ruhusa ya kumtesa ili aseme, na malkia akakataa. Walimpelekea kasisi wa kumshawishi atubu, bila mafanikio. Mwaka 1764 walimpeleka kushuhudia mtuhumiwa mwingine akiteswa, ili aingiwe na hofu. Hakutikisika.

Hukumu

Uchunguzi na kesi vilichukua miaka sita. Saltykova alikutwa na hatia pasipo shaka katika vifo vya watu 38, na kuhusu vifo vingine 26 akaachwa chini ya tuhuma. Adhabu ya kifo ilikuwa imesimamishwa tangu enzi ya Malkia Elizaveta, hivyo Katerina aliandika mwenyewe hukumu ya namna nyingine, baada ya kuirekebisha mara kadhaa.

Kwa amri ya Oktoba 1768, Saltykova alivuliwa ukabaila na kukatazwa kutumia jina la ukoo wa baba yake wala la mumewe. Tarehe 17 Novemba 1768 alisimamishwa kwa saa moja juu ya jukwaa katika Uwanja Mwekundu, Moscow, akiwa amefungwa kwa minyororo kwenye nguzo. Shingoni alivikwa bango lililomtaja kuwa mtesaji na muuaji. Baada ya hapo alipelekwa kwenye monasteri ya watawa wa kike ya Ivanovsky kutumikia kifungo cha maisha. Kasisi Petrov na baadhi ya watumishi walioshiriki walichapwa mijeledi, wakachanwa pua, na kupelekwa Nerchinsk, Siberia, kwenye kazi ngumu.

Tofauti ya adhabu hizo inaonekana wazi. Mtumishi aliyetii amri alichanwa pua, na mwili wa aliyetoa amri haukuguswa.

Kifungo na kifo

Kwa miaka 11 Saltykova alikaa katika chumba cha chini ya ardhi kisicho na mwanga. Mshumaa uliletwa wakati wa chakula tu, kisha ukaondolewa. Mwaka 1779 alihamishiwa katika chumba cha mawe kilichojengwa kando ya kanisa la monasteri, chenye dirisha, na watu walikuwa wakifika kumtazama. Alifariki mwaka 1801, baada ya miaka 33 ya kifungo, miaka mitano baada ya Katerina mwenyewe. Alizikwa katika makaburi ya monasteri ya Donskoy.

Sheria baada ya mashtaka

Kesi ikiendelea, haki za wakulima zilizidi kupungua. Mwaka 1765 makabaila waliruhusiwa kuwapeleka wakulima wao kwenye kazi ngumu bila kupitia mahakamani. Mwezi Agosti 1767 amri nyingine iliwakataza wakulima kumpelekea malkia mashtaka dhidi ya mabwana zao. Aliyethubutu alistahili mijeledi na uhamisho wa Nerchinsk. Kama Ilyin na Martynov wangechelewa miaka mitano, safari yao ingewapeleka kwenye migodi waliyopelekwa washirika wa muuaji.

Wakulima wengi walitafuta njia nyingine: walijiunga na uasi wa Yemelyan Pugachev wa 1773 hadi 1775, uliotikisa eneo lote la Volga. Umiliki wa wakulima ulifutwa mwaka 1861 na Tsar Alexander II.

Nafasi katika historia

Saltykova hulinganishwa mara nyingi na Elizabeth Báthory wa Hungaria (1560–1614), kabaila mwingine aliyetuhumiwa kuua wasichana wengi waliomtumikia. Báthory alifungiwa katika ngome yake bila kufikishwa mahakamani, na wanahistoria wanaendelea kubishana juu ya hatia yake. Saltykova alichunguzwa kwa miaka, na hukumu yake ilijengwa juu ya nyaraka na maneno ya mashahidi.

Katika simulizi na tamthilia amechorwa zaidi kama zimwi au mwendawazimu. Picha hiyo inamtenga na jamii yake, ilhali jalada la Volkov linawataja pia maofisa waliopokea hongo, kasisi aliyezika, na majirani waliojua. Mashtaka 21 yalipita mikononi mwa watu wenye akili timamu, na kila lilipozimwa alipatikana mwingine wa kuzikwa. Wanaostahili kukumbukwa pamoja na jina la Saltykova ni Katerina Semyonova, Fedosya Artamonova, Aksinya Yakovleva na wenzao, pamoja na Ilyin na Martynov, ambao bila wao hata hesabu ya wafu isingejulikana.