Dubwana Bila Laana: Ngano za Ulaya katika Riwaya ya Mapenzi ya Kikristo

Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya Zondervan ya Marekani ilitoa The Merchant's Daughter, riwaya ya Melanie Dickerson inayosimulia upya ngano ya mrembo na dubwana. Dubwana lenyewe halimo. Yumo Lord Ranulf, mwinyi wa Kiingereza aliyeraruliwa na mbwa mwitu akabaki na makovu na hasira za karibu. Na yumo Annabel, binti wa mfanyabiashara marehemu, anayekwenda kutumika nyumbani kwa mwinyi huyo kwa sababu jamaa zake hawakutimiza kazi waliyowiwa katika mashamba yake. Mwaka ni 1352. Laana ya ngano ile imefutwa, na mahali pake pamekaa deni.

Wengi hudhani kwamba waandishi wa riwaya za mapenzi za Kikristo huokota ngano ya kipagani na kuibatiza. Ngano hizo zilikwisha kubatizwa zamani. Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, Mfaransa aliyekuwa akifundisha mabinti wa wakubwa jijini London, aliifupisha mwaka 1756 hadithi ndefu ya mrembo na dubwana iliyoandikwa na Gabrielle-Suzanne de Villeneuve mwaka 1740, akaigeuza somo la adabu: mume mwema ni bora kuliko mume mzuri wa sura au mwerevu wa maneno. Ndugu wawili Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, nao walikuwa na kalamu nyepesi ya kusafisha. Katika toleo lao la 1812, Rapunzel, msichana aliyefungiwa mnarani, anajifichua kwa kulalamika kwamba nguo zinambana, na msomaji mtu mzima anaelewa mara moja kilichotokea kule mnarani; katika matoleo ya baadaye mimba hiyo haidokezwi tena kwa namna ile. Mama mzazi wa Snow White, aliyetaka kumuua mwanawe, akawa mama wa kambo kuanzia 1819. Dickerson, basi, amerithi kazi ya uhariri iliyoanza kabla hajazaliwa.

Jipya kwake ni historia. Tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348 iliua pengine theluthi moja ya watu, na huenda zaidi. Mashamba yakakosa mikono, vibarua wakadai ujira mkubwa, na mwaka 1351 bunge la mfalme Edward III likapitisha sheria ya kurudisha ujira katika viwango vya kabla ya tauni na kuwalazimisha wasio na riziki yao kufanya kazi. Msomaji akiyajua hayo, haoni ajabu kwa nini kijiji kizima kinahesabiana siku za mavuno, wala kwa nini mnyapara anayemtamani Annabel ana meno ya kumuuma. Katika hadithi ya Beaumont, binti anapelekwa kwa dubwana kwa sababu baba yake alichuma ua la waridi. Sababu ya Dickerson ni nzito zaidi, na hapo amemshinda mtangulizi wake.

Historia hiyo inaanza kulegea pale dini inapoingia. Annabel anatamani kuingia utawani ili apate kuisoma Biblia. Jioni anamsomea bwana wake. Katika Uingereza ya 1352, Biblia ilikuwa ya Kilatini, imenakiliwa kwa mkono kwenye ngozi, na bei yake haikamatiki. Tafsiri ya Kiingereza inayohusishwa na John Wycliffe ilikuja miaka ya 1380. Mwinyi kuwa na Biblia si muhali, wala msichana kujua Kilatini. Lakini Wakristo waliotoka kuzika nusu ya jirani zao waliikimbilia misa ya wafu, watakatifu na hija. Annabel anaomba na kusoma kama mlokole wa Marekani wa leo: peke yake, kitabu mkononi, akitafuta neno la kumwongoza. Uchawi ulioondolewa kwa dubwana umehamia kwake.

Mwandishi huyu huenda asilaumiwe sana, kwani wasomaji wake wanataka kujiona ndani ya kitabu. Lililo gumu zaidi ni ndoa. Kanuni ya riwaya ya mapenzi haina msamaha: lazima wapendanao waoane. Annabel anaokoka na utumwa wa deni kwa kuwa mke wa yule anayemdai. Sheria iliyomleta kwenye nyumba ile inabaki kama ilivyokuwa, na wanakijiji wenzake msimu ujao watawiwa siku zilezile za mavuno.