Oili ya difu ndani ya chupa isiyo na lebo

Katika maduka madogo ya vipuri, kuanzia Katoro na Geita mjini hadi Kahama, oili mara nyingi huuzwa kwa kupima. Muuzaji hufungua koki ya pipa, hujaza chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, hufunga kizibo, basi. Lebo imebaki kwenye pipa. Mteja anaondoka na kimiminika cha rangi ya asali na neno moja aliloagizwa na fundi: nzito. "Niletee oili nzito ya difu." Kila alichoandika mtengenezaji kuhusu oili ile kimeachwa dukani, na mzigo wote umebebwa na neno hilo. Je, linautosha?

Tuanze na difu yenyewe. Mafundi walichukua neno refu la Kiingereza, differential, wakalikata mkia, kisha wakalipa irabu mwishoni ili litamkike Kiswahili, kama walivyofanya wazee wao kwa hafu, skafu na chifu. Ngeli yake bado haijatulia. Gereji moja utasikia "difu inalia", jirani yake "difu limekufa", na mwenye maroli kadhaa atakwambia ana madifu mawili ya kufungua. Viungo vyake vilikuja kwa njia ileile: krauni, pinioni, beringi, sili, propela.

Si kwamba Kiswahili hakina nguvu ya kuliita gari kwa maneno yake. Usukani ulitoka kwenye vyombo vya baharini ukaingia kwenye gari bila taabu. Na Land Cruiser yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hadi juu ya paa, kila dereva wa Tanzania anaiita "mkonga", neno zuri kuliko lolote ambalo kamati ingeketi na kulitunga. Lakini mkonga unaonekana. Difu imejificha chini ya gari, ndani ya bakuli la chuma lililopakwa tope, na kitu kisichoonekana ni vigumu kukifananisha na tembo.

Kazi ya kitu hicho inaeleweka vizuri zaidi ukiutazama mkokoteni wa ng'ombe, ambao Usukumani haukosi njiani. Mkokoteni hauhitaji difu. Ng'ombe huvuta, magurudumu hufuata, kila moja likizunguka peke yake kwenye ekseli. Ukikata kona, la nje hukimbia na la ndani hujivuta, hakuna ugomvi. Gari ni kinyume chake. Injini inayasukuma magurudumu yenyewe, kwa mhimili mmoja unaozunguka, yaani propela, na hapo ndipo swali linapozuka. Gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yameachana mita 1.5 likikata kona ya nyuzi 90, gurudumu la nje hutembea zaidi ya mita 2.3 kuliko la ndani. Yakifungwa pamoja kwa chuma kimoja, lazima tairi liburuzwe au ekseli ikatike. Difu hugawa mzunguko wa propela kwa magurudumu mawili na kuyaruhusu yatofautiane mwendo. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, zamani sana kabla ya injini ya petroli.

Jina la Kiingereza linatokana na kutofautiana huko. Mwalimu wa chuo cha ufundi anaweza kusema "gia tofautishi" siku ya kwanza ya somo, na wanafunzi wakaelewa kwa nini mtambo upo. Baada ya hapo heri aseme difu kama watu wote. Neno ambalo tayari linawaita fundi, muuzaji na dereva kwenye jambo moja halina sababu ya kustaafishwa.

Tatizo halimo kwenye difu. Limo kwenye nzito.

Ndani ya bakuli lile, gia ndogo, pinioni, inazungusha gia kubwa, krauni, kwa pembe mraba. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, propela huzunguka mara 41 ili gurudumu lizunguke mara 10. Kasi inapungua, nguvu inaongezeka. Tangu miaka ya 1920 watengenezaji wa magari walianza kuishusha pinioni chini ya kitovu cha krauni, mpangilio unaoitwa haipoidi. Propela inakaa chini zaidi, meno yanashikana kwa eneo kubwa zaidi, na mlio unapungua. Gharama yake ni msuguano. Meno ya haipoidi hayabingiriki tu yanapokutana, bali hutelezeana, chuma juu ya chuma, kwa shinikizo kali, kama kisu kwenye jiwe la kunolea. Utando wa kawaida wa oili unakamuliwa hapo ukaisha.

Kwa hiyo oili ya difu huchanganywa na dawa, kama mafundi wanavyosema, yenye salfa na fosforasi. Pale jino linapopata joto kali, dawa hiyo hushikana na chuma na kukivika ngozi nyembamba inayokatika badala ya chuma chenyewe kukatika. Anayejua jinsi zebaki inavyoing'ang'ania dhahabu kwenye karai la mchimbaji hatashangaa kwamba kimiminika kinaweza kukiteua chuma na kushikana nacho. Salfa hiyo ndiyo inayoipa oili ya difu harufu yake kali, ambayo fundi mzoefu huitambua kabla ya kuiona.

Sasa rudi kwenye chupa. Neno "nzito" halisemi lolote kuhusu dawa hiyo. Hata kuhusu jambo linalodai kulisema, linapotosha: mwaga oili nzito kwenye ndoo ya maji, itaelea. Kinachozungumziwa si uzito bali mnato, ukaidi wa kimiminika kutiririka, neno ambalo Kiswahili kinalo tayari kutoka kitenzi nata na linalofundishwa kwenye fizikia. Tofauti hii si ya walimu wa lugha peke yao. Anayefikiria uzito hudhani kwamba kinachozidi ndicho kinacholinda zaidi, na hapo oili namba 140 humiminwa kwenye Hilux ambayo kitabu chake kinataka 90. Pinioni inaipiga oili hiyo kama mwiko kwenye ugali mgumu. Joto linapanda, mafuta ya gari yanapotea, na beringi za mbele huchelewa kupata oili asubuhi gari linapowashwa. Namba 140 ina kazi yake, kwenye ekseli za maroli mazito ambayo watengenezaji wake wameiagiza.

Namba zenyewe zina mtego. Zinatokana na vipimo vya SAE, jumuiya ya wahandisi ya Marekani, nayo ina mizani mbili, moja ya injini na nyingine ya gia. Oili ya gia namba 90, ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ina mnato wa kuanzia milimita za mraba 13.5 kwa sekunde hadi chini ya 18.5. Oili ya injini namba 40 huanzia 12.5 hadi chini ya 16.3. Zinaingiliana! Namba 90 si mara mbili ya 40. Inawezekana kabisa chupa mbili hizo zikatiririka sawasawa. Kinachozitenga ni dawa, na ndiyo sababu oili ya injini iliyobaki haiendi kwenye difu hata kama kwa macho inafanana.

Herufi W, kama kwenye 80W-90, inahusu baridi. Vitabu vingi vya Toyota vya magari ya kazi huagiza namba 90 mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na kuruhusu 80W au 80W-90 penye baridi zaidi ya hapo. Shinyanga haijawahi kuikaribia baridi hiyo. Ukiikuta 80W-90 dukani ichukue, ila usiilipie zaidi kwa sababu ya W.

Jambo la dawa lina alama yake pia, nayo ndiyo inayosahaulika kaunta. API, taasisi ya petroli ya Marekani, imepanga oili za gia kwa madaraja. GL-5 ni ya haipoidi, yaani ya difu. GL-4 ina dawa kidogo, na hutumika kwenye giaboksi nyingi za mkono, ambako baadhi ya GL-5 zinaweza kuzila pete za shaba zinazolainisha ubadilishaji wa gia. Zote mbili zaweza kuwa namba 90. Zote mbili ni "nzito".

Kabla ya kununua, hakikisha difu ipo. Noah za zamani, zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, husukumwa na magurudumu ya nyuma na zina difu nyuma. Noah iliyofuata inavutwa na magurudumu ya mbele, isipokuwa za kuvuta kote. Difu yake imo ndani ya giaboksi na hunywa oili ya giaboksi. Jina ni moja, jibu ni mawili. Pikipiki haina, kwa kuwa gurudumu la nyuma ni moja, lakini toyo, ile ya magurudumu matatu inayobeba magunia, ina ekseli ya nyuma yenye difu ndogo. Baadhi ya Land Cruiser zina difu yenye sahani za kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure kwenye tope la mbuga. Hizo zinataka oili iliyoandikwa LSD, la sivyo gari hutetemeka kwenye kona.

Kwa hiyo agizo linalofaa kubebwa kichwani ni hili: "oili ya difu, mnato 90, daraja GL-5." Kwa dawa yenyewe, "dawa ya shinikizo" ingefaa, maana shinikizo ni neno la kila aliyewahi kupimwa presha. Na muuzaji wa kupima akiandika maneno hayo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa chupa, lebo imerudi.

Gari likifika gereji liegeshwe pasawa. Fundi afungue bolti ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Ikiwa ya juu imeshika kutu na haifunguki, ni afadhali kulijua hilo oili ya zamani ikiwa bado ndani. Inayotoka ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, pengine kwenye kijito cha masika, na kikofia cha tundu la kupumulia juu ya ekseli kitazamwe. Kisha mpya ijazwe taratibu mpaka ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa tundu.