Lebo ya Chupa

Ukitoka Grande Barrière, kituo cha mpaka kati ya Rwanda na Kongo, kwa upande wa Gisenyi, ukaushika ufuko wa Ziwa Kivu kuelekea kusini, baada ya kilomita chache unafika Rubona, na hapo pua hutangulia macho: kiwanda cha bia cha Bralirwa kiko jirani. Malori hutoka yamesheheni kreti, chupa zikigongana kila gurudumu linapopanda tuta. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1957 na Brasserie de Léopoldville, kampuni ileile ya Kongo iliyoizaa bia ya Primus miaka ya 1920. Tangu miaka ya 1960 maboila yake yalipata moto kwa gesi ya methani iliyovutwa kutoka ndani ya ziwa lenyewe.

Kiswahili kina neno moja, lebo, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye chupa na kwa kampuni inayomsimamia msanii na kumiliki kazi zake. Kwingineko ni maana mbili zilizogongana njiani. Hapa mpakani vitu hivyo viwili vimewahi kuwa kimoja. Kwa miaka minane, mlango mpana kuliko yote ambao rapa wa Rwanda angeweza kuingilia ulikuwa umeandikwa Primus.

Wazee wa gitaa wangecheka wakisikia tunashangaa. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa mtaani Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Akamrekodi, na santuri zikatoka kwa Gallotone, lebo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga, na santuri zile zilizopigwa chapa kusini kabisa mwa bara ndizo zilizomtangulia Nairobi. Lakini alipokwenda Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, jina lake lilisimama hewani pamoja na Aspro, vidonge vya maumivu ya kichwa. Binamu yake, Edouard Masengo, naye akawa mtu wa Coca-Cola. Santuri iliwapa sifa. Dawa na soda ziliwapa posho. Tuishike soda hiyo, tutakutana nayo tena.

Rapu ya Rwanda ilikuja katika nyumba isiyokuwa na lebo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchi ilijaa vijana waliokulia Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, kila mmoja na kanda zake na lugha yake ya mtaani. Redio binafsi zilianza 2004 kwa Radio 10, na mwaka uliofuata Radio Salus ikafunguliwa kwenye Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare. Ghafla kukawa na masaa mengi ya hewa na nyimbo chache za kuyajaza. Studio zikaota Kigali: kompyuta moja, maiki moja, godoro ukutani la kuzuia mwangwi. Nyingi zilijiita Records na hazijawahi kutoa rekodi hata moja. Msanii alilipa kurekodi, akabeba wimbo kwenye diski, akaupeleka mwenyewe kwa mtangazaji. Kina Music ya Ishimwe Clement, iliyomlea Butera Knowless, ilikuwa miongoni mwa nyumba chache zilizofanya kazi halisi ya lebo, yaani kumchagua msanii, kumgharimia na kumsubiri.

Katika ombwe hilo ndipo bia ilipoingia. Mwaka 2011 Bralirwa, ikishirikiana na waandaaji wa East African Promoters, ilianzisha shindano la Primus Guma Guma Super Star. Wasanii waliteuliwa, wakatia saini, wakazungushwa wilaya kwa wilaya, Rubavu yenye Gisenyi ikiwamo, watu wakawapigia kura kwa simu. Tom Close alishinda la kwanza, King James la pili. Kisha marapa wakatwaa miaka miwili mfululizo: Riderman 2013, Jay Polly 2014. Jay Polly aliondoka na faranga milioni 24. Wakati huo hakukuwa na studio Kigali ambayo ingemwandikia rapa hundi ya kiasi hicho.

Hapa inabidi tutulie kidogo, maana wawili hawa ndio kiini cha jambo. Riderman, ambaye jina lake ni Emery Gatsinzi, alikuwa amekwisha kujitengenezea Ibisumizi Records kabla kombe halijamfikia. Studio yake, vijana wake, nyimbo zake. Fedha ya bia ilipokuja ilikuta shimo la kuangukia. Jay Polly, Joshua Tuyishime, alitoka Tuff Gangz, kundi la Bulldogg, Fireman, Green P na P-Fla, ambalo midundo yake mizito ya awali ilipikwa na prodyuza Lick Lick. Tuff Gangz lilikuwa genge kabla ya kuwa kampuni. Lilimpa sauti, wafuasi na heshima ya mtaa, na hizo hazigawanywi kwa asilimia wala haziandikwi kwenye hati. Kundi likavunjika, likaungwa, likavunjika. Mwaka 2019 Jay Polly akajiunga na The Mane, lebo ya watu wa pop, ambako jirani zake walikuwa Marina na Safi Madiba. Alifariki Septemba 2021 akiwa mahabusu, na umri wake ulikuwa miaka 33. Kuna waandishi wa muziki wanaopenda kusema kwamba lebo nzuri ingemwokoa. Mimi siwezi kusema hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba kati ya washindi wale wawili, mmoja alikuwa na nyumba na mwingine alikuwa mpangaji, na kombe halikuwa na nguvu ya kubadili hilo.

Kwani kiwanda cha bia hufanya nini hasa? Hununua msimu. Lebo ya muziki, hata ile yenye roho mbaya, ina sababu ya kutaka wimbo wako usikike miaka kumi ijayo, kwa sababu wimbo huo ni wake. Bia inataka uwanja ujae Jumamosi hii. Haimiliki mashairi yako, wala haina haja ya albamu yako ya tatu. Mwakani itambeba mwingine. Kwa rapa mwenye nidhamu huo ni uhuru mkubwa. Kwa asiye na mtu wa kumshika mkono ni upweke wenye taa nyingi. Halafu kuna lugha. Msafara unaozunguka wilaya za Rwanda ukitafuta kura unahitaji wimbo ambao mama wa Musanze na kijana wa Nyamirambo wote wataitikia, na wimbo huo ni wa Kinyarwanda. Kiswahili cha Gisenyi, kinachosikika sokoni na kwenye foleni ya mpaka kutwa nzima, hakikuwa na kura za kutosha.

Shindano la mwisho lilikuwa la 2018, akashinda Bruce Melodie. Mwaka uliofuata halikurudi.

Vuka sasa. Kinachotenganisha Gisenyi na Goma ni vibanda vya uhamiaji na kizuizi cha chuma, lakini rapa wa upande wa pili alikuta mlipaji wa aina nyingine. Goma ya baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 ilikuwa mji wa mawe meusi, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Watu huyaita ONG, kwa Kifaransa, kama vile ni jina la kabila. Yolé!Africa, kituo alichokiasisi Petna Ndaliko Katondolo, kiliwapa vijana kamera, jukwaa na mahali pa kubishana. Lakini fedha iliyokuwa ikizunguka mjini ilikuwa ya wafadhili, na wafadhili walitaka nyimbo: wimbo wa kunawa mikono, wimbo wa amani, wimbo dhidi ya ubakaji. Chérie Rivers Ndaliko ameyachambua haya kwa ukali katika kitabu chake Necessary Noise cha 2016, na hoja yake inauma: anayelipia wimbo wa amani ndiye anayeamua amani ina maana gani. Lugha ya nyimbo hizo ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa ujumbe lazima ufike. Kwa hiyo Goma ilirapu Kiswahili kwa fedha ya ripoti za mradi. Mradi ukifungwa Desemba, msanii naye anafungwa Desemba.

Kampuni ya simu ilikuwa njia ya tatu. Innoss'B, mtoto wa Goma aliyezaliwa 1997, alishinda shindano la Vodacom mwaka 2010 akiwa bado mvulana, Akon akiwa mlezi wake. Yeye ni mwimbaji na mchezaji zaidi ya rapa, lakini ramani aliyoichora marapa wa mji wake wanaijua kwa moyo: kutoka Goma hadi Kinshasa, kutoka Kiswahili hadi Kilingala, kisha kurudi mashariki kwa mlango wa Dar es Salaam, pale Diamond Platnumz alipoingia kwenye rimiksi ya wimbo wake Yo Pe mwaka 2019. Mtoto wa mpaka wa Rwanda ilimbidi azunguke nusu ya Afrika ili asikike Gisenyi kwa Kiswahili.

Dar nako hakuna pepo. Bongo Records ya P-Funk Majani iliwatoa Juma Nature na Profesa Jay, ambaye albamu yake Machozi, Jasho na Damu ya 2001 iliwafanya hata wazazi wasikilize rapu. Lakini usambazaji ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kanda, na msanii mara nyingi aliuza kazi kwa mkupuo mmoja, akaondoka na bahasha, asijue kamwe ziliuzwa nakala ngapi. Wasafi, lebo ya Diamond, ilipokuja na mikataba ya kweli, kutoka kukawa na bei: Harmonize aliiacha 2019 na kusema hadharani kuwa alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Akaanzisha Konde Gang, na mwaka 2020 akamsajili rapa Country Boy, ambaye naye hakukaa sana. Lebo za Bongo zimejengwa kwa waimbaji wa mapenzi. Rapa humo huwa kama pilipili kwenye pilau: inatakiwa, ila hakuna anayeinunua kwa gunia.

Nimeahidi soda. K'naan, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Toronto, alikuwa na lebo kubwa ya Marekani na wimbo uitwao Wavin' Flag, uliobeba vita na njaa za kwao. Coca-Cola iliuchukua kwa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini. Mashairi yakaandikwa upya, vita vikatoka, sherehe ikaingia, dunia nzima ikaimba. Desemba 2012 akaandika katika New York Times jinsi watu wa lebo walivyomketisha na kumweleza kwa upole kwamba wasikilizaji wa redio za Marekani hawangeyafuata mambo ya Somalia. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomsumbua: alijikata ulimi mwenyewe. Masengo wa Katanga angemwelewa. Na chupa hiyo ya Coca-Cola hujazwa Rwanda na nani? Na Bralirwa, tangu miaka ya 1970.

Mara ya mwisho nilipopanga foleni Grande Barrière, kijana aliyekuwa mbele yangu alisikia nikizungumza muziki kwenye simu. Akanigeukia. "Shikamoo kaka mkubwa, unajua mambo ya kontra?" Alikuwa wa Birere, mtaa wa Goma, anarapu Kiswahili cha Goma, na ndani ya mkoba alikuwa na kurasa tisa za Kifaransa kutoka lebo ambayo sitaitaja. Tulizisoma tumesimama, yeye akishikilia jeton yake, kibali cha kuvuka mpaka, kwa meno ili karatasi zisipeperushwe na upepo wa ziwa. Miaka mitano. Kazi zote, zilizopo na zitakazokuwapo. Asilimia 30 yake, 70 yao, na kwenye ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo: gharama za studio, video, nguo na safari zitakatwa kwanza kwenye fungu lake. Nilimweleza kwamba kwa kifungu hicho anaweza kuwa na wimbo unaochezwa kila baa kutoka hapa hadi Bukavu na bado akawa anadaiwa. Akatikisa kichwa, hilo alikuwa amelikisia. Kilichomsumbua kilikuwa kifungu cha lugha. Lebo ilitaka walau nusu ya nyimbo ziwe za Kilingala.

"Mimi Kilingala ninajua cha kununulia bia tu," akasema.

Foleni ikasogea. Akakunja kurasa tisa mara mbili, akazisukuma chini ya kitambaa cha mkoba, akatoa jeton mdomoni na kuifuta kwenye suruali kabla ya kumpa ofisa dirishani.